Asilimia Mbili za Ujerumani

Mjadala wa hewa ukaa ukipamba moto Ulaya, hoja moja haikosekani: nchi yetu inatoa takriban asilimia moja au mbili tu ya hewa ukaa ya dunia, China inatoa karibu theluthi, sasa sisi tukijibana itasaidia nini? Husemwa Berlin, husemwa London, na wengi huiona haina jibu. Jibu lipo, tena liko Ujerumani kwenyewe.

Mwaka 2000 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya nishati jadidifu. Aliyefunga paneli za sola juu ya paa lake, awe mkulima au mwenye duka, alihakikishiwa kwa miaka 20 bei maalumu ya umeme atakaouingiza kwenye gridi. Sola ilikuwa ghali mno wakati huo, na wakosoaji walikuwa na haki kusema kwamba jua la kule ni hafifu. Lakini wanunuzi walipopatikana viwanda vilijengwa, vingi vikiwa China, na kadiri vilivyozalisha kwa wingi ndivyo bei ilivyoteremka. Kati ya 2010 na 2020 bei ya paneli ilianguka kwa karibu asilimia 90. Leo mwenye kibanda cha kuchaji simu huku Afrika Mashariki, mwenye paneli moja juu ya bati na waya ulioshuka hadi kwenye betri chini ya meza, anaimudu bei hiyo kwa sababu, kwa sehemu kubwa, kaya za Ujerumani zilibeba gharama za mwanzo kupitia bili zao za umeme. Zile asilimia mbili zinapima moshi tu. Hazipimi sheria iliyofungua soko la dunia nzima.

Watasema Wajerumani bado wanachoma makaa ya mawe, na mwezi Aprili 2023 walizima vinu vyao vya mwisho vya nyuklia. Ni kweli, na kuzima nyuklia kabla ya makaa ya mawe lilikuwa kosa kubwa. Kosa hilo, hata hivyo, ni la mpangilio wa kazi. Wajibu wenyewe unabaki palepale.

Hoja ya China ni nzito zaidi. China lazima ipunguze, na hilo halina ubishi. Ila ina watu bilioni 1.4. Tuseme kila jimbo lake lingekuwa nchi: Guangdong peke yake, yenye watu zaidi ya milioni 120, ingeipita Ujerumani kwa idadi ya watu, na kila jimbo lingejitetea kwa asilimia zake chache bila hata tani moja kupungua. Nchi ambazo kila moja iko chini ya asilimia mbili, zikijumlishwa, zinatoa takriban theluthi ya hewa ukaa yote. Zote zikijisamehe, nani atabaki? Isitoshe, hewa ukaa hukaa angani karne nyingi. Katika jumla ya iliyotolewa tangu mapinduzi ya viwanda, Marekani ina karibu robo, na Afrika nzima takriban asilimia tatu.

Kazi ngumu zaidi iliyobaki ni saruji na chuma. Saruji peke yake hutoa karibu asilimia saba ya hewa ukaa ya dunia, zaidi ya mara tatu ya Ujerumani nzima, na miji kama Dar es Salaam na Lagos bado inajengwa. Haiwezi kuambiwa iache kujenga. Inahitaji saruji safi ambayo fundi wa kawaida ataimudu, na nchi yenye wahandisi na mitaji ya Ujerumani ina uwezo wa kuianzisha kama ilivyofanya kwa sola.