Jeni na Jirani Yake

Wengi wetu tuliofundishwa habari za urithi kwa mfano wa njegere za Mendel tulitoka darasani na itikadi kwamba jeni ni kama punje ya tasbihi, kila moja na kazi yake iliyokadiriwa, na kwamba haidhuru imetungwa mwanzo wa uzi au mwisho wake, karibu na hii au mbali na ile. Itikadi hiyo ni pungufu, na nasema pasi na kusita kwamba kumwacha kijana amalize masomo yake nayo ni kumdhulumu, kwa kuwa upungufu wake ulidhihiri tangu mwaka wa 1925 katika jicho la nzi.

Nzi mwenyewe si mgeni kwetu. Simsemi yule mkubwa aharibuye maembe mtini, bali yule mdogo sana mwenye macho mekundu, azungukaye ndizi mbivu jikoni, ambaye asili yake ni bara hili la Afrika, na ambaye alifuatana na wanadamu na vyakula vyao hata akafika New York, katika chumba cha utafiti cha Thomas Hunt Morgan kwenye Chuo Kikuu cha Columbia.

Jicho la nzi huyu ni mkusanyiko wa vijicho vingi, na kwa jike wa kawaida idadi yake hukaribia 780. Lakini wako nzi wa aina iitwayo Bar, ambao jicho lao limefinyika hata likawa mfano wa ufito. Jike aliyeirithi hali hiyo kwa mama na kwa baba ana vijicho 68 tu. Ajabu ni kwamba katika uzao wa nzi hao, kama mmoja katika 1600 alizaliwa na jicho kamili, na kwa nadra mwingine akazaliwa na jicho jembamba kuliko la wazazi wake. Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Morgan, alithibitisha kwamba kromosomu mbili za mama, katika kubadilishana vipande, zilikuwa zimepishana pasipo usawa, moja ikatoka na Bar mbili na nyingine ikatoka mikono mitupu. Hapo akapata mizani ambayo maumbile hayampi mtu kila siku: jike mwenye Bar moja katika kila kromosomu, na jike mwenye Bar zote mbili katika kromosomu moja, ile ya pili ikiwa haina. Hesabu ya jeni ni ile ile. Wa kwanza ana vijicho 68. Wa pili, kwa wastani, ana 45.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara hunishangaza, kwa sababu hapakuongezwa wala kupunguzwa kitu. Kilichobadilika ni ujirani.

Mwaka wa 1936 Calvin Bridges, akitazama kwa hadubini kromosomu nene za tezi za mate za funza wa nzi, aliona milia ya sehemu moja imejirudia mara mbili kwa wale wa Bar, na mara tatu kwa wenye jicho jembamba zaidi. Basi Bar haikuwa kitu kipya kilichozuka, bali kipande cha zamani kilichonakiliwa na kuwekwa ubavuni mwa asili yake.

Wala asiseme mtu kwamba hayo ni ya nzi. Kila kromosomu yetu ya 16 aghalabu ina jeni mbili za alfaglobini, pacha zilizo kando kwa kando, zinazotengeneza sehemu ya hemoglobini. Na kwa kupishana kule kule pasipo usawa, watu wengi wa pwani ya Kenya na Tanzania wamerithi kromosomu yenye moja tu, upungufu ambao utafiti wa Kilifi umeonyesha kuwa ni kinga dhidi ya malaria kali. Na hapa tena mahali pana neno lake. Aliyekosa jeni moja huku na moja huku, kama ilivyo desturi kwa Waafrika wenye upungufu huo, na aliyezikosa zote mbili upande mmoja, kama inavyoonekana sana Asia ya Kusini-Mashariki, wote huishi na upungufu mdogo tu wa damu. Bali mume na mke wakiwa wote wa namna ya pili, kila mimba yao ina hatari, moja kwa nne, ya mtoto asiye na jeni hata moja, ambaye aghalabu hufa kabla ya kuzaliwa au mara tu baada yake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa biolojia wa sekondari: mkishamaliza njegere za Mendel, ziandikeni ubaoni nambari hizi mbili, 68 na 45, na muwaulize wanafunzi, kabla ya kuwapa jibu, ni kitu gani kilichobadilika.