Tusikate kahawa yote ya wazee wetu

Wakulima wakubwa kwa umri huko Beni hawajasahau ugonjwa ule. Majani ya kahawa yanageuka manjano, yanaanguka, kisha muti mzima unakauka ukiwa umesimama. Dawa hakuna: ni kungoa na kuchoma moto. Katika miaka ya 1990 trakeomikozi iliharibu mashamba ya robusta, na familia nyingi zikahamia kwenye kakao. Mwaka 1993 ilionekana pia Uganda.

Lakini haikuwa mara ya kwanza. Ugonjwa huo ulikuwa umekwisha kuipiga inchi yetu kati ya miaka ya 1930 na 1950. Ulirudishwa nyuma namna gani? Katikati ya miti iliyokufa, mingine ilibaki hai. Watafiti wa INEAC kule Yangambi, kituo ambacho leo ni cha INERA, walichagua miti yenye nguvu na kuizalisha. Wokovu ulitoka ndani ya mashamba yenyewe.

Iliwezekana kwa sababu ua la robusta linahitaji chavua ya muti mwingine. Basi kila muti uliotoka kwa mbegu ni tofauti na jirani yake. Lakini vipande vilivyokatwa kwa muti mmoja vinatoa miti inayofanana kabisa. Tukijaza mulima wote aina mbili tatu tu, ugonjwa ukizishinda hizo, umeshinda mulima wote.

Wengine watasema: mukulima anaishi kwa bei, hali historia. Ni kweli. Miche mipya inayozaa sana ipandwe. Lakini mashirika yanayoigawa yasimwambie mukulima angoe kila kitu cha zamani. Waagronomu wapite kwanza shambani, watie alama kwenye miti iliyopona, wachukue vipande.

Serikali nayo isisahau Yangambi. Mbegu ya kahawa haiwekwi miaka mingi ghalani kama mahindi. Inalindwa ikiwa muti hai, unaopaliliwa na mutu anayelipwa mushahara. Shamba hilo likimezwa na pori, hakuna pesa itakayorudisha kilichopotea.

Muti uliopona ugonjwa katika shamba la baba yako haukupona bure. Kabla ya kuinua panga, mwite muagronomu auone.