Githeri, kumbikumbi na namba 6.25

Anayenunua githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kibandani Kayole au Dandora hupata mlo uliopangika vizuri kuliko anavyodhani. Mahindi yana upungufu wa laisini, asidi amino ambayo maharagwe yanayo kwa wingi. Nayo mahindi huongeza methionini, iliyo haba kwenye maharagwe.

Kwa kumbikumbi, mdudu anayeliwa, hesabu ya protini ni ngumu zaidi. Njia ya Kjeldahl, ya mwaka 1883, hupima naitrojeni tu, kisha jibu huzidishwa kwa 6.25 na kuitwa protini. Lakini gamba la mdudu lina kitini, yenye naitrojeni yake, hivyo protini huonekana nyingi kupita kiasi. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walipendekeza 4.76 badala ya 6.25 kwa mabuu wa wadudu waliowapima.

Heri kuhesabu asidi amino zenyewe. Sampuli huchemshwa katika asidi ya haidrokloriki, nyuzi 110, kwa saa 24, kisha asidi amino hutenganishwa moja moja. Triptofani huharibika humo, kwa hiyo hupimwa kando kwa alkali.

Kasarani kuna icipe, kituo kinachochunguza lishe ya wadudu wanaoliwa. Wanaouza unga wa uji wenye wadudu waandike kiasi cha laisini kwenye pakiti; mama wa Umoja anayemlisha mtoto ana haki ya kukijua.