MAONI: Dada, anza na mekapu nyepesi, nzito itakungoja

Uwe unasoma Chuo Kikuu cha Kirinyaga au unauza duka hapa Kutus, ukitaka kuanza kujipaka mekapu utakutana na swali hili: uchukue fandesheni nyepesi, au ile nzito inayofunika kila kitu?

Msimamo wetu ni kwamba uanze na nyepesi.

Kwanza, nyepesi husamehe makosa. Unaipaka kwa vidole, na hata rangi ikikosea kidogo haionekani sana. Nzito inataka sponji, poda na mkono uliozoea. Ukiteleza, uso unakuwa na rangi yake na shingo yake. Pili, kuna jua. Panda bodaboda mchana kuelekea Kerugoya, jasho na vumbi vikutane na tabaka nene, uone itakavyopasuka puani na kuchafua kola.

Hatusemi nzito ni mbaya. Siku ya harusi au mahafali ina kazi yake, na mwenye makovu ana haki ya kuyafunika bila kuulizwa maswali. Lakini hata yeye si lazima apake uso mzima. Konsila kidogo juu ya doa inatosha.

Kuna jambo zito kuliko yote haya: rangi. Usikubali kuuziwa fandesheni nyeupe kuliko ngozi yako ati "itakutoa vizuri". Ijaribu kwenye taya, toka nje ya duka, ngoja dakika chache, kisha ujitazame mchana kweupe. Fenty Beauty ya Rihanna ilipoingia sokoni 2017 na rangi 40, kampuni nyingine zilikosa kisingizio. Hapa kwetu, Suzie Wokabi alianzisha SuzieBeauty akiwalenga wanawake Waafrika. Ngozi nyeusi si tatizo la kurekebishwa.

Muuzaji akikuongezea krimu ya kung'arisha, kataa. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini, na zebaki inaweza kuharibu figo. Tafuta alama ya KEBS, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na sponji yako usiiazime hata kwa rumeti.

Usiku osha uso kabla ya kulala. Ukijizoesha kuuona bila kitu, utajua unachotaka kufunika, na pengine utagundua ni kidogo sana.