Kisii kuna form, geti ndiyo imefungwa

Wasee, acheni kusema huku hakuna form. Tangu Shabana warudi ligi kuu 2023, baada ya miaka 17, mechi ya nyumbani pale Gusii Stadium ni sherehe ya familia: wazee, wamama, watoto, wote "Tore Bobe".

Shida ni wikendi haina mechi. Mashamba yamebanana, kila ploti inaota ghorofa, mtoto anabaki na simu, kijana anabeti. Na kutoka Kisii mjini hadi Nyamira, viwanja vya shule vimelala tu.

Kaunti ilipe mlinzi, wazazi wapange zamu, geti ifunguliwe. Striker wa kesho wa Shabana saa hii anapiga mpira ukutani, mwenye ploti anamfukuza.