Maji yahesabiwe mpaka kwenye robine

Kongo ina zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika. Sentensi hiyo tunaisikia kila tarehe 22 Machi, siku ya kimataifa ya maji, na si uongo: shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, liliiandika mwaka 2011. Lakini ndani ya ripoti hiyo hiyo kulikuwa sentensi nyingine ambayo wakubwa wetu hawapendi kuirudilia: wakati ule raia 26 tu kwa 100 ndio walikuwa wanapata maji safi ya kunywa.

Basi tufungue hesabu yenyewe. Kadiri ya FAO, maji ambayo RDC inapata kila mwaka, ya mvua na ya mito, ni karibu miliardi 1 283 za mita za ujazo. Mita moja ya ujazo ni bidoni 50 za lita 20. Miliardi 900 zinatokana na mvua inayonyesha kwetu. Zingine, karibu 30 kwa 100, zinaingia kutoka kwa majirani: Kasai unaanzia Angola, Luapula unapakana na Zambia, Ubangi unatutenganisha na Afrika ya Kati. Karibu yote ni maji ya bonde la mto Kongo. Na mwenye kukaa Goma, Bukavu ao Uvira asidhani bonde hilo ni habari ya Kinshasa na Mbandaka tu. Maji ya ziwa Kivu yanashuka kwa Ruzizi, yanaingia Tanganyika, yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, yanaungana na Lualaba, yanapita Kindu na Kisangani mpaka Kinshasa. (Ziwa Edward na Semliki ndiyo yanaenda upande mwingine, kwa Nili.)

Sasa upande wa matumizi. FAO ilihesabu kwamba mwaka 2005 nchi nzima ilichota karibu mita za ujazo milioni 684, kwa nyumba, viwanda na mashamba pamoja. Ni kama bidoni moja katika kila bidoni 2 000. Kama hiyo haisemi kitu, tazama hivi: mto Kongo unapitisha Kinshasa, kwa wastani, mita za ujazo 41 000 kila sekunde. Kwa mwendo huo, yote ambayo Wakongomani walichota tangu Januari mpaka Desemba yanapita mbele ya mji kwa muda wa chini ya masaa matano.

Katika hayo kidogo yaliyochotwa, 68 kwa 100 yalienda majumbani, 21 viwandani, 11 kwa kilimo. Ukigawanya sehemu ya majumbani kwa wakaaji waliokadiriwa wakati huo, zaidi ya milioni 55, kila mtu anapata zaidi kidogo ya lita 20 kwa siku. Bidoni moja ya kunywa, kupika, kuoga na kufua nguo. Mashirika ya misaada yanaweka lita 15 kuwa kiwango cha chini kabisa kwa mtu aliyekimbia vita na kulala kambini. Kwa hiyo nchi yenye mto wa pili duniani kwa wingi wa maji ilikuwa inaishi karibu kama kambi. Na huo ni wastani: umechanganya mwenye robine jikoni pamoja na mama anayepanda mlima na bidoni mgongoni. Hesabu yenyewe ni ya zamani, na mpaka leo ndiyo inayozunguka kwenye ripoti, wakati idadi ya wakaaji imepanda sana.

Sisi wa mashariki tunajua kuliko wengine kwamba wingi wa maji peke yake hauondoi kiu. Ziwa Tanganyika, tunalogawana na Burundi, Tanzania na Zambia, lina karibu miliardi 18 900 za mita za ujazo, karibu mara 15 ya maji yote ambayo nchi yetu inapata kwa mwaka. Hata hivyo Uvira, Fizi na Kalemie, zinazoangalia ziwa hilo, ni kati ya maeneo ambapo kipindupindu hakimaliziki. Mwaka 1994, huko Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi katika eneo lenye ziwa zima la Kivu. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Hakuna mto unaopita mjini. Maji yanapandishwa kutoka ziwani kwa pampu, na pampu inadai umeme. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, watu wakashuka ziwani na bidoni zao. Ziwa lenyewe halikuwa limepungua.

Kisha kuna maji yanayoharibu maji. Aprili 2020 mafuriko yalipiga Uvira, yakaharibu pia mitambo ya maji ya kunywa. Miaka iliyofuata Tanganyika ilipanda, ikaingia ndani ya nyumba za Uvira na Kalemie. Ziwa linapoingia chooni, kila mtu anajua ugonjwa gani unafuata.

Wengine watajibu kwamba shida ni vita. Vita vinavunja, hatukatai. Lakini Mbuji-Mayi haiko kwenye vita vya Kivu, na kiu yake inajulikana nchi nzima, hata kama neno maji limo ndani ya jina lake. Shida iko kati ya mto na nyumba: pampu, umeme, mabomba yaliyozeeka, klori, mshahara wa fundi. Na sehemu hiyo ndiyo ambayo hakuna anayeihesabu mbele ya raia.

Hata mto wenyewe tunauhesabu nusunusu. Kinshasa kipimo kinasomwa tangu mwanzo wa karne ya 20. Mbele ya uhuru kulikuwa zaidi ya vituo 400 vya kupima mito katika bonde. Leo vinavyofanya kazi ni vichache sana. Januari 2024 mto ulipanda Kinshasa kufika urefu ambao haukuonekana tangu 1961. Bila vituo vya kutosha upande wa juu, mwenye kukaa kandokando anapata habari maji yakiwa tayari mlangoni.

Tena jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu miaka ya 1980 kuna mradi unaoitwa Transaqua, wa kutoa maji katika bonde la Kongo na kuyapeleka kwa mfereji mpaka ziwa Tchad, ambalo limepungua sana. Mwaka 2018 mkutano wa Abuja uliufufua. Hatusemi majirani wafe na kiu. Tunauliza nchi yetu itaingia kwenye mazungumzo na hesabu gani. Wanaotaka maji watakuja na zao. Tukijibu tu kwamba tuko na mengi, tumewapa hoja yao. Wakati Ubangi, mto unaotajwa mara nyingi kwa miradi ya namna hiyo, ni ule ule ambao maji yake ya kiangazi yamepungua tangu miaka ya 1970, mpaka meli za kwenda Bangui zinasimama muda mrefu.

Karatasi hazikosekani. Sheria juu ya maji ilitiwa sahihi tarehe 31 Desemba 2015. Kamisheni ya nchi za bonde, CICOS, iliundwa mwaka 1999 na ina makao yake pale Kinshasa. Tunachoomba ni kidogo kuliko sheria mpya. Kila tarehe 22 Machi, pembeni ya hotuba, REGIDESO na idara ya maji ya vijijini watoe hesabu ya mwaka, jimbo kwa jimbo na mtaa kwa mtaa: robine ilitoa maji masaa mangapi kwa siku, mabomba ya jamii mangapi yanafanya kazi kati ya yale yaliyojengwa, maji kiasi gani yanapotea njiani, na bidoni moja iliuzwa franka ngapi kiangazi na ngapi wakati wa mvua. Pale ambapo serikali haifiki kwa sasa, mashirika yanayotia klori kandokando ya maziwa yana madaftari yao. Yaombwe kuyaweka wazi pia, kila mtu ayasome.

Kazi hiyo haidai mitambo ya gharama kubwa. Inaweza kuanza na daftari na kalamu. Mlinzi wa bomba la jamii, katika mtaa wowote, anajua tayari bidoni ngapi zilijazwa jana, na ngapi zilirudi nyumbani tupu.