Tunaishi Kando ya Tana, Mbona Hatujui Kuogelea?

Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe. Nimezaliwa Garissa, nimelelewa Garissa, na nimekula ndizi na maembe ya mashamba ya ukingoni mwa Mto Tana tangu nikiwa mdogo. Lakini hadi mwaka jana, ungenitupa kwenye maji ya kunifika kifuani ungenizika.

Na siko peke yangu. Kama umekulia Garissa mjini, Madogo ama Balambala, jiulize: katika darasa lako la nane, wangapi walijua kuogelea? Kwetu walikuwa wanne, wote wavulana, na wote walikuwa wamejifunza kwa kutoroka nyumbani.

Simlaumu mama. Alikuwa akituambia, "Msishuke mtoni, kuna mamba," na kweli mamba wapo, na viboko wapo. Kwetu sisi mto ulikuwa mahali pa mwenye punda kujaza madumu yake. Ulikuwa daraja unalovuka ukienda Nairobi, unatoa kitambulisho, unaendelea na safari. Hakuna aliyetufundisha kuusoma. Tulifundishwa kuuogopa tu, na mtu anayeogopa kitu asichokielewa hana la kufanya siku kitu hicho kikimfuata hadi mlangoni.

Siku hiyo ilifika. Unakumbuka mafuriko ya 2024? Mto ulivunja kingo, barabara ya Madogo kwenda Garissa ikafunikwa, mji ukakatika na nchi nzima. Mtu akitaka kuvuka anapanda boti, na boti inapita juu ya lami ile ile aliyoipita na basi mwezi mmoja kabla. Jumapili ya tarehe 28 Aprili, boti iliyokuwa imejaa abiria ilizama pale Kona Punda. Shirika la Msalaba Mwekundu lilisema watu 23 waliokolewa. Wengine walipotea na maji.

Video ilisambaa. Mimi niliiona nikiwa Nairobi, nimeketi kwenye kitanda cha rafiki yangu, miezi michache baada ya kuacha chuo kwa sababu karo ilikuwa imekatika. Niliitazama mara tatu. Mara ya tatu nilitambua kwamba sikuwa nawatazama wale watu, nilikuwa najitafuta mimi. Kama ningekuwa kwenye ile boti, ningefanya nini? Jibu lilikuwa fupi: ningekufa.

Ndiyo maana rafiki huyo alipopata kibarua kambi moja ya michezo ya maji kule Sagana, yapata kilomita 100 kutoka Nairobi, akaniambia nije nijaribu kayaki, sikukataa. Kama hujawahi kuiona, kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja. Unaketi ndani, unavaa sketi ya mpira inayoziba tundu la kiti ili maji yasiingie, unashika kasia lenye ncha mbili. Kichwani helmeti, kifuani jaketi la kuokolea maisha. Nilidhani tutaanza na kupiga kasia. Mwalimu akacheka. "Leo huendi popote," akaniambia. "Leo unajifunza kuanguka."

Asubuhi nzima nilikuwa napinduliwa. Kichwa chini, maji puani, unatafuta utepe wa ile sketi, unauvuta, unatoka. Tena. Tena. Kisha ukichukuliwa na mkondo: lala chali, miguu mbele, vidole juu ya maji, usijaribu kusimama kwa sababu mguu ukinaswa kwenye jiwe mto utakulaza kifudifudi. Hayo yote nilifundishwa kabla ya kusogezwa hata mita 10 mbele. Nikajiuliza, mbona hakuna mtu aliyewahi kunifundisha hili nyumbani, wakati huu ni mto ule ule?

Ndiyo, ni ule ule. Maji ya Sagana ndiyo Tana. Yanashuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, yanaingia Masinga, bwawa lililokamilika 1981, yanapita Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yanayotupa umeme. Kutoka hapo mto unaingia nyika ambayo wengi wetu hatujawahi kuiona hata kwa picha. Kuna Grand Falls. Kuna Maporomoko ya Adamson karibu na Kora, alikoishi George Adamson na simba wake hadi alipouawa Agosti 1989. Upande wa pili wa mto, mkabala na Kora, ni hifadhi ya Rahole, na Rahole iko kaunti ya Garissa. Yaani maji meupe, yale yanayochemka kwenye miamba na ambayo watu huvuka bahari kuyatafuta, yanapita mlangoni petu. Yakishatulia ndipo yanafika Balambala, halafu mjini, yakiwa mazito kama chai ya maziwa.

Mwaka 1891 Mwingereza mmoja, Dundas, aliupanda mto huu kutoka pwani kwa meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Kenia. Alipita hapa kwetu akaendelea hadi miamba ilipomzuia. Zaidi ya miaka 130 baadaye, nikimwambia kijana wa mtaani kwetu kwamba kuna maporomoko huko juu, ananiuliza kama ni ya kwenye TikTok.

Sasa sikiliza, sikuandiki haya ili upakie mkoba kesho uende Kora kujipiga picha. Safari ya kayaki kwenye mto wa nyikani si mchezo wa mtu jasiri. Ni kazi ya mtu mwangalifu. Mito hupimwa kwa viwango, cha 1 hadi cha 6: cha 1 ni maji ya kuteleza tu, cha 6 ni pale hata mabingwa wanafikiria urithi wa watoto wao. Wanaojua kazi hawaingii sehemu wasiyoiona. Wanasimama juu ya poromoko, wanatoka majini, wanatembea ukingoni wakiangalia: mkondo unaelekea wapi, jiwe liko wapi, maji yanajizungusha wapi, mtu akianguka atatokea wapi. Mmoja anasimama chini na kamba ya kurusha. Wakiona haiwezekani, wanabeba kayaki mabegani na kupita nchi kavu, na hakuna anayewaita waoga.

Hata hivyo mto una neno la mwisho. Desemba 2010, Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Uganda, alikuwa akiwaongoza Wamarekani wawili kwenye Mto Lukuga, unaotoa maji Ziwa Tanganyika kuelekea Mto Kongo. Huyu ni mtu aliyekuwa ameshuka Nile Nyeupe kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Mediterania mwaka 2004. Alipita maporomoko makubwa ya Afrika akatoka salama. Siku ile mamba alimvuta kutoka kwenye kayaki yake, na hawakuwa kwenye poromoko. Walikuwa kwenye maji tulivu.

Hilo la maji tulivu limenikaa kichwani kwa sababu ya Kona Punda. Boti ile haikuzama kwenye miamba ya Adamson. Ilizama juu ya barabara. Sisi tunadhani hatari ni kelele na povu, kumbe penye kelele kila mtu anakuwa macho. Penye utulivu ndipo tunajaza watu kupita kiasi na kusema "ni hapo tu, tunafika."

Utaniuliza, sasa kayaki inaingilia wapi hapo? Twende Jinja. Katikati ya miaka ya 1990 wageni walianza biashara ya kushuka Nile kwa maboti ya mpira. Vijana wa vijiji vya kando walianza kwa kubeba mizigo yao. Baadaye wakajifunza kayaki, na leo baadhi yao wanashindana na dunia. Jina la Sadat Kawawa linajulikana na yeyote anayefuatilia mchezo huu. Lakini kinachonivutia si medali. Kila boti la watalii linaposhuka, pembeni huwa kuna vijana kwenye kayaki. Kazi yao ni moja: boti likipinduka, wao ndio wanaofika kwanza. Aliyeanguka anashika ncha ya kayaki, anavutwa hadi pembeni. Wanalipwa kwa kazi hiyo. Kinachoonekana kama mchezo wa mzungu, kumbe ni timu ya uokoaji inayofanya mazoezi kila siku.

Hebu fikiria vijana 20 wa Garissa na Madogo wenye ujuzi huo, Aprili ile. Sisemi wangeokoa kila mtu. Nasema wangekuwepo, na ndani ya maji, badala ya sote kubaki kando na simu mkononi.

Najua maneno yatakayokuja. "Usalama je?" Ni kweli, huku kwetu si mahali pa kuzurura nyikani bila ruhusa, na safari ya kupita Kora haiwezi kufanyika bila Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na watu wa usalama kujua. Lakini kuogelea na kujifunza kamba ya kurusha hakuhitaji kufika Kora. "Na wasichana?" Wawe na saa zao, walimu wao wanawake, na mavazi yao ya stara. Mashekhe wetu hutukumbusha kauli inayonasibishwa na Khalifa Umar kwamba watoto wafundishwe kuogelea. Hakuna aliyeongeza kwamba dada zetu waachwe wazame. "Pesa?" Jaketi la kuokolea maisha lina bei, sawa. Jeneza pia lina bei, na msafara wa kutafuta miili mtoni kwa wiki mbili una bei.

Kuna jambo moja lingine la kuharakisha. Kwa miaka mingi serikali imekuwa ikipanga bwawa kubwa la High Grand Falls huko juu. Siingii leo kwenye vita vya kama linafaa au la. Wako wanaosema litazuia mafuriko na wako wanaosema litawanyima maji watu wa chini. Ninachojua ni kilichotokea Uganda: bwawa la Bujagali lilipokamilika 2012 maporomoko ya hapo yalifunikwa, na Isimba mwaka 2019 likafunika mengine. Vijana wa Jinja angalau walikuwa wameshayajua maji yao, wana la kusema na ujuzi wa kuhamisha. Sisi tunaweza kupoteza maji meupe ya Tana kabla kijana mmoja wa Garissa hajayapita.

Kwa hivyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa watu wanaoweza kuyafanya. Kwa serikali za kaunti za Garissa na Tana River: boti lisiondoke ukingoni wakati wa mafuriko bila jaketi kwa kila abiria na idadi iliyohesabiwa, na mwenye boti asipotii azuiwe kabla ya ajali, si baada. Kwa shule na madrasa: tafuteni sehemu salama, hata bwawa la kuogelea la hoteli la kukodi saa mbili kwa wiki, watoto wajifunze kuelea. Wamunyoyaya na Wamalakote wamekaa na mto huu vizazi na vizazi na mitumbwi yao. Wazee wao wapewe heshima ya ualimu na walipwe. Kwa wafadhili wa vijana ambao kila mwaka hutuletea mipira na jezi: safari hii leteni kayaki 10, helmeti, kamba, na mwalimu wa miezi sita.

Na kwako wewe unayesoma haya kwenye simu, labda uko kwenye matatu, labda unavuka Tana sasa hivi: usingoje kaunti. Tafuta mahali ujifunze kuelea mwaka huu. Siku ukipanda boti, uliza jaketi, na usipopewa, shuka. Watakucheka. Waache wacheke.

Mimi bado si muogeleaji wa maana. Naweza kwenda na kurudi upana wa bwawa la kuogelea bila kusimama, na Sagana nimeshajipindua na kuinuka ndani ya kayaki mara mbili kati ya majaribio kumi na moja. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, nikamwambia mama. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama huyo mwalimu anafundisha watu wakubwa. Nikamwambia anafundisha. Akasema nimchukue mdogo wangu wa kike kwanza, yeye atafuata.

Mvua za masika huanza Machi. Hesabu miezi iliyobaki.